Moshi wa Jikoni, Moshi wa Kambi

Mwanamke akikohoa Garissa, jiko ndilo mshukiwa wa kwanza. Wala si uonevu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani, wa kuni, makaa na mafuta ya taa, uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020 pekee. Daktari anayeuliza "mama, unapikia nini?" ameuliza swali la maana.

Lakini kuna mwanamke hapa Suq Mugdi ambaye swali hilo limemgeukia ukuta. Namwita shangazi ingawa hatuna undugu. Kabla ya kuuza dera alivaa gwanda, na kwa muda alikuwa ng'ambo ya mpaka, Somalia, kwenye kambi ambako taka zilitupwa shimoni, zikamwagiwa dizeli na kuchomwa: chupa za plastiki, betri, matairi. Hema la wanawake lilikuwa upande ambao upepo ulipeleka moshi. Siku hizi akipanda ngazi za ghorofa moja tu kifua kinabana. Kila akienda kliniki anaeleza hayo yote, na kila mara kwenye kadi yanaandikwa makaa.

"Wanaume niliokuwa nao wakikohoa wanaulizwa walihudumu wapi," aliniambia. "Mimi naulizwa napikia nini."

Na si ati wanawake ni wageni jeshini. Kikosi chao kiliundwa 1971, kikavunjwa 1999 wakachanganywa na wanaume, na 2024 Fatuma Ahmed akawa kamanda wa Jeshi la Wanahewa. Kliniki bado inamwona mpishi.

Sasa, nani anapaswa kuthibitisha ugonjwa huu ulitoka wapi?

Jibu la kawaida ni kwamba anayedai ndiye alete ushahidi. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inasema hivyo, na ustadhi wa madrasa alitufundisha hivyo hivyo. (Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo falsafa yangu ni ya ustadhi na ya kibanda cha chai.) Ni kanuni nzuri watu wawili wakigombania mbuzi, maana kila mmoja anaweza kumwita jirani aliyemwona huyo mbuzi. Shangazi hana wa kumwita. Kilichochomwa, siku gani, upepo ulielekea wapi: kama kuna mahali yaliandikwa, basi aliyaandika mwajiri. Yeye amebaki na mapafu, na mapafu hayatoi risiti.

Hebu fikiria umenikabidhi ngamia wako wakati wa kiangazi. Njia nimechagua mimi, kisima nimechagua mimi. Wakirudi wagonjwa nikuambie, "thibitisha ni maji ya kisima gani"? Sidhani kuna mzee hapa angenivumilia hata dakika moja.

Wamarekani walifika hapo kwa kuchelewa sana. Agent Orange, sumu ya kukausha majani, waliimwaga Vietnam miaka ya 1960. Sheria ya kuacha kuwadai askari wao ushahidi ilikuja 1991. Kwa moshi wa mashimo ya taka walingoja mpaka Agosti 2022, ilipotiwa saini sheria ya PACT. Kwa ufupi inasema: ulikuwa mahali fulani, wakati fulani, una ugonjwa ulio kwenye orodha, basi tunachukulia kuwa kazi ndiyo chanzo. Na Somalia imo kwenye orodha ya mahali, kuanzia tarehe 2 Agosti 1990. Kwa hivyo kuna askari anayeaminiwa na serikali yake kwa sababu tu alivuta hewa ya nchi ileile aliyokuwa shangazi.

Juni mwaka huohuo walikuwa wamepitisha sheria nyingine, yenye jina la Kate Hendricks Thomas, mwanajeshi wa zamani wa Marine aliyehudumu Fallujah. Aligunduliwa na saratani ya matiti akiwa na miaka 38, umri ambao wanawake wengi hawajaanza kupimwa. Alifariki Aprili, sheria bado haijatiwa saini. Sasa wanawake waliohudumu maeneo kama hayo wanaweza kupigwa picha ya matiti bila kujali umri.

Najua utasema sisi si Marekani, pesa iko wapi, na nchi ya wafanyakazi hewa itajaa wagonjwa hewa. Hofu hiyo ni ya kweli. Atalipwa mtu aliyeharibiwa na sigara zake mwenyewe. Lakini kukosea hatutakwepa, tunachagua tu tumkosee nani. Tukimlipa asiyestahili, hazina inaumia. Tukimfukuza anayestahili, shangazi ananunua inhela kwa pesa ya dera. Mimi nachagua kosa la kwanza, tena bila kusitasita.

Kinachonisumbua ni kingine. Anasema nje ya ua wa kambi walikaa wanawake wa kuuza maziwa, watoto mgongoni, moshi uleule. Hao hawana namba ya jeshi wala kikosi. Nilimuuliza kama wao pia wanastahili.

"Hawakuamriwa kukaa pale," akasema. Akakunja dera mbili, tatu. "Lakini pia hawakuwa na pengine pa kuuzia."

Sijapata sababu ya kuwaacha nje. Ningeanza na kitu cha bei rahisi, daftari: kambi imechoma nini, siku gani, nani alikuwa zamu, na nani alikuwa langoni na maziwa yake. Risasi mbona zinahesabiwa moja moja.