Heroe wa Natron Mbele ya Kamera

Mwaka 2013 picha za Mwingereza Nick Brandt zilienea duniani kwa kasi kubwa. Zilionyesha ndege waliokauka kama sanamu kando ya Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania: heroe amesimama majini, furukombe ametua juu ya tawi, miili yao imegandwa na magadi kuanzia unyoya hadi ukucha. Vyombo vya habari vya nchi nyingi vikatangaza kwamba kuna ziwa ambalo kiumbe akigusa tu maji yake hugeuka jiwe papo hapo.

Sivyo. Brandt mwenyewe alikuwa ameeleza kwamba aliwaokota ndege hao ufukweni wakiwa wamekwisha kufa na kukauka, kisha akawapanga juu ya matawi na mawe wakae kama walio hai. Hakuficha kitu. Ile ilikuwa sanaa, tena sanaa yenye uzuri wa kutisha. Kosa ni la waliobeba picha wakayaacha maelezo yake nyuma.

Na kosa hilo si dogo, kwa sababu ziwa lililopachikwa jina la kifo ndilo kitalu cha ndege hao. Inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wote duniani wa spishi ya heroe mdogo huzaliwa Natron, na katika Afrika Mashariki nzima hakuna ziwa lingine wanakozaliana kila mara. Maji yake makali ndiyo boma lao: fisi na mbweha hawawezi kuyavuka kwa urahisi kufikia viota vya matope ambavyo kila kimoja hubeba yai moja. Mwaka 2001 Tanzania iliiweka Natron katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Miaka michache baadaye ukaja mpango wa kujenga kiwanda cha magadi hapo hapo, na watetezi wa ndege wakalazimika kuupinga kwa nguvu. Nani atalitetea ziwa aliloaminishwa kwamba linaua kila kinachogusa maji yake?

Magadi yanaua kweli, lakini kwa namna nyingine. Mwaka 1962, Natron ilipofurika, heroe walihamia Ziwa Magadi upande wa Kenya kutaga. Huko chumvi iliganda kwenye miguu ya makinda ikawa pingu nzito, wakashindwa kutembea. Watu waliingia kwenye matope yale wakawavunjia pingu hizo mmoja mmoja, wakaokoa maelfu. Kisa hiki cha kweli kina uchungu na utu zaidi kuliko hadithi ya ziwa la mawe.

Mpiga picha wa leo anaweza kuupindua ukweli hata bila mizoga wala maelezo yaliyoachwa nyuma. Kompyuta inamtosha. Kuhariri kwenyewe si dhambi: kamera ikielekezwa kwa ndege mweupe kwenye jua kali hupoteza michirizi ya manyoya yake, joto linalopanda juu ya maji hufifisha umbo, na chembechembe hujaa kwenye picha ya alfajiri. Kurekebisha mwanga, kukata kingo za picha na kuondoa chembechembe ni kumrudishia ndege sura ambayo jicho liliiona. Mashindano ya Wildlife Photographer of the Year yanayoendeshwa na Makumbusho ya Historia Asilia ya London yanaruhusu hayo, ila hayaruhusu kuongeza wala kufuta kitu, na wanaofika hatua za mwisho hudaiwa faili ghafi kama lilivyotoka kwenye kamera.

Majaribu makubwa zaidi yako kwenye rangi. Kusogeza kitufe cha rangi kidogo tu humfanya heroe awake kama moto, na watazamaji hupenda. Lakini uwaridi wa heroe ni habari kamili ya maisha yake. Anaupata kutokana na chakula, hasa mwani wa kijani-buluu unaostawi kwenye maziwa ya magadi. Kinda huanza na kijivu, na huchukua miaka kadhaa kupata rangi ya utu uzima. Watafiti wa Hispania walionyesha mwaka 2010 kwamba heroe wa spishi ya heroe mkubwa hujipaka manyoya mafuta yenye rangi wanayotoa kwenye tezi iliyo karibu na mkia, na hufanya hivyo zaidi msimu wa kutafuta wenzi. Kwa hiyo anayeongeza uwaridi kwenye kompyuta anabadilisha umri wa ndege, lishe yake na msimu wake, bila kujua.

Kabla ya kompyuta kuna suala zito zaidi, la namna picha inavyopatikana. Kundi la heroe likiruka kwa pamoja ni mandhari ya ajabu, na wapo wanaowakimbilia au kuwarushia droni ili waruke. Kila mruko wa hofu ni nguvu iliyopotea na muda wa kula uliokatwa. Penye viota ni balaa. Mei 2021, katika hifadhi ya Bolsa Chica huko California, droni moja ilianguka katikati ya makazi ya ndege buabua. Maelfu wakakimbia, wakaacha mayai yasiyopungua 1,500. Hakuna picha inayostahili gharama hiyo, hata ingeshinda tuzo zote.

Ipo pia tabia ya kufuta pete zilizofungwa kwenye miguu ya ndege, kwa sababu zinaonekana kuharibu uzuri wa porini. Inasikitisha, maana pete hiyo pengine ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote kwenye picha. Katika eneo la Camargue, kusini mwa Ufaransa, makinda ya spishi hiyo ya heroe mkubwa yamekuwa yakivishwa pete za plastiki zenye herufi na namba tangu mwaka 1977. Namba ikisomeka, hata kwenye picha ya mgeni aliyepita njia, watafiti hujua ndege huyo alizaliwa mwaka gani, ameishi miaka mingapi na amevuka bahari kwenda wapi. Picha hiyo ikipelekwa kwao pamoja na tarehe na mahali ilipopigwa, jina la ziwa jingine huongezwa kwenye kumbukumbu za ndege huyo.