Shimo Lisilofunikwa: Nguzo za Umeme na Kifo cha Tai

Swali la iwapo mtu hubeba dhima ya kifo asichokikusudia lina jibu la zamani katika Torati, kitabu cha Kutoka sura ya 21, inayomtaka aliyechimba shimo akaliacha wazi amlipe mwenye ng'ombe au punda aliyetumbukia humo. Na mafakihi wa Kiislamu, wakimtofautisha atendaye kwa mkono wake na asababishaye, walimtoza fidia aliyechimba kisima njiani pasipo idhini. Wasomaji wa sheria hizo mbili hawakosekani kandokando ya njia ya kale ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, na leo zinaweza kupimwa kwenye nguzo ya umeme huko Usinge, wilayani Kaliua.

Laini za vijijini, za kilovolti 33 au 11, huwa na nyaya zilizokaribiana kiasi kwamba tai ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufikia mita 2 anaweza kugusa nyaya mbili kwa pamoja, au waya mmoja na chuma kilichounganishwa na ardhi, mwili wake ukawa ndio mapito ya umeme, ilhali akitua juu ya waya mmoja tu hadhuriki. Hatari huzidi kwenye transfoma, manyoya yanapolowa, na kwa tai wachanga wasiojua bado kutua vizuri. Na palipokatwa miti ya miombo kwa ajili ya kukaushia tumbaku, nguzo ndiyo kilele kilichosalia cha kutazamia mawindo.

Udhuru wa kutojua umekwisha, kwani laini ya Port Sudan, iliyojengwa miaka ya 1950, iliwaua tumbusi weupe wahamao kwa miongo kadhaa hadi ilipozimwa mwaka 2014. Udhuru wa pili, kwamba ndege wa porini hana mwenyewe wa kulipwa, hausimami Tanzania, ambako Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inawahesabu wanyamapori kuwa mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Imebaki gharama: kuachanisha nyaya, kuning'iniza vihami (vile vikombe vinavyotenga waya na nguzo) chini ya boriti badala ya juu yake, na kuvika ala nyaya fupi za transfoma, kazi ambazo ni nafuu zikifanywa wakati wa kuchora laini kuliko baada ya kuijenga. Wahandisi huongeza kwamba ndege anayenaswa hukata umeme wa wateja, jambo la kweli, ingawa hoja hiyo ni ya mfanyabiashara. Gharama hiyo ni sehemu ya bei halali ya umeme, na mwananchi ana haki ya kuidai, maana ndiye mwenye mali.