Mchungaji naye ana ndoto

Diff, Wajir Kusini, ni mji wa wafugaji jirani na mpaka wa Somalia. Si kila anayeleta ngamia kisimani ni mwenye nao. Tajiri huenda anaishi Garissa au Nairobi. Kijana wa kuajiriwa ndiye anayelala nao porini, anayemtambua kila jike kwa mlio wake, na anayesubiri ujira: pesa, au siku ya neema, ndama.

Riwaya zetu zimewatazama watumishi kama yeye. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Shafi Adam Shafi alimchora Kijakazi, mtumishi wa Unguja aliyeendelea kumwonea huruma bwana wake hata baada ya Mapinduzi ya 1964. Inauma kumsoma, kwa sababu kutukanwa kwake kulikuwa kumeshakuwa mazoea. Abdulrazak Gurnah, katika Paradise (1994), alimchora Yusuf, mvulana anayetolewa kwa tajiri Aziz kufidia deni la babake.

Kazi hizo nazienzi sana. Lakini bado namtafuta mtumishi mwenye ari: anayepiga hesabu ya ndama wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi awe na kundi lake mwenyewe, na anayemwambia tajiri waziwazi kwamba ujira umechelewa.

Wewe kijana wa Diff unayependa kuandika, mchungaji huyo unamjua kuliko sisi. Tuandikie habari zake, na usiache kutaja anadai nini.