KUMPELEKA KITUKUU KWA MZAA NYANYA YAKE

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanaadamu akawajaalia nasaba na ukwe. Na sala na salamu zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi Waislamu! Jueni ya kuwa kuunga jamaa ni wajibu, na kuwakata ni katika madhambi makubwa. Mwenyezi Mungu, katika aya ya kwanza ya Suratun Nisaa, ameitaja haki ya jamaa pamoja na amri ya kumcha Yeye. Na katika Suratul Israi, aya ya 23, amekataza mtu kumtolea mzazi wake aliyefikia uzee hatta sauti ndogo ya kuonyesha kuchoka naye. Na nyanya, na mzaa nyanya, na walio juu yao, wote ni wazazi. Basi bibi kizee aliyeambiwa kuwa amepata kitukuu si mtu wa kando. Yeye ndiye shina, na hao wote ni matawi yake.

Lakini wanaume wengi, waambiwapo na wake zao, "Natumpeleke mtoto kwa nyanya Jumamosi hii," hutoa nyudhuru, na nyingi katika hizo hazisimami.

Wako wasemao, "Mtoto angali mchanga." Ikiwa ni mgonjwa, hiyo ni udhuru. Ama ikiwa ni mzima, basi Ummu Qais binti Mihsan alimpeleka kwa Mtume (S.A.W.) mwanawe ambaye hajaanza kula chakula, Mtume akamweka mapajani, na mtoto akamkojolea. Hakukasirika wala hakumrudisha kwa mamaye, bali alitaka maji akanyunyiza. Na hapa ndipo ilipotoka hukumu ya madhehebu ya Shafi: mkojo wa mtoto mwanamume asiyetimiza miaka 2, ambaye chakula chake ni maziwa tu, hutosha kunyunyiziwa maji yakaenea mahali pake; na wa mtoto mwanamke huoshwa.

Wako wasemao, "Nimekwisha mpelekea fedha." Fedha ni haki moja na kumzuru ni haki nyingine. Na ikiwa kizee ni fakiri na mjukuu wake anacho, basi kumlisha na kumvika ni wajibu wake, wala si sadaka; na kwa hivi haijuzu kuyatoa matumizi hayo katika zaka yake kwa jina la fakiri. Tena fedha haina mikono ya kumwinua kizee kitandani, wala haina masikio ya kusikiliza habari zake.

Wako wasemao, "Huyo ni nyanya wa mke wangu, si wangu." Kweli, si damu yake, lakini ni damu ya mwanawe. Vipi mtu atamfundisha mwanawe kuunga jamaa, hali yeye ndiye aliyemkatia nusu ya jamaa zake tangu uchanga? Tena nyanya wa mke ni maharimu wa mume milele, kwani huingia katika mama wa wake waliotajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 23. Basi hana la kujistahia: na aingie baada ya hodi na idhini, amwamkie, ampe mkono, wala udhu wake hautanguki kwa kumgusa.

Na wako wasemao, "Kizee hatujui tena, akili zimemtoka." Hakusahau kwa kupenda. Na Mtume (S.A.W.) amebainisha kuwa muungaji hasa si yule alipaye wema kwa wema, bali ni yule aungaye akikatwa. Ikiwa aliyekatwa kwa uadui atakiwa kuunga, je, aliyesahauliwa kwa udhaifu wa uzee? Kizee asiyemjua mjukuu wake huenda akamnyoshea mkono mtoto aliyewekwa mbele yake.

Basi mwenye kuondoka Mombasa kwenda Malindi, kiasi cha kilomita 120, safari yake imepita marhala 2, ambazo ni kilomita 80 na kitu. Akiisha toka katika majumba ya mji wake, yajuzu akusuru na kujumuisha. Na akinuia kukaa Jumamosi na Jumapili tu, yu msafiri bado, hatta akiwa kwa jamaa. Lakini akisali nyuma ya imamu mkaazi, lazima atimize. Na anayewajibikiwa na sala ya Ijumaa asiondoke siku hiyo baada ya alfajiri, illa akiwa ataidiriki njiani. Kwani si uungwana kutafuta wajibu mmoja kwa kutupa mwingine.

Na watu wazingatie jambo hili. Nyumba ya kizee hupita mwaka haina mgeni. Siku akifa, magari hujaa mlangoni, na waliokosa nafasi ya kumwamkia hupata nafasi ya kumzika. Kumzika ni faradhi ya kutosheleza: wakisimama baadhi, wengine wamesalimika. Ama kumuunga alipokuwa hai, kila mtu ataulizwa kwa nafsi yake, na jirani hakumtoshelezea mtu.

Mwenyezi Mungu awawafikie Waislamu kuwatazama wazee wao wangali hai, na awajaalie watoto wao kuwa watakaowatazama wao. Amin.