Mlinzi asiyejua anacholinda

Ukiachiwa sanduku la marehemu babu yako, nawe hujui kusoma yaliyoandikwa ndani yake, je, una haki ya kuliuza? Wengi watajibu upesi: sanduku ni langu, na watoto wangu wana njaa. Jibu hilo lina nguvu. Lakini sikilizeni, wasomaji wapenzi, jambo lililotokea Italia.

Mwaka 1926 Wasalesiani, wa shirika lile lile lililofika Lubumbashi mwaka 1911, walikuwa na koleji kule Borgo San Martino. Nyumba ilitaka kutengenezwa, na fedha hawakuwa nazo. Walikuwa na vitabu vya kale vya muziki, urithi kutoka kwa mtu wa jamaa ya Durazzo, wakataka kuviuza. Ila kwanza waliuliza maktaba kubwa ya Torino bei yake ya haki. Mwalimu Alberto Gentili alipovichungua vitabu hivyo 97, aliona 14 ni vya Antonio Vivaldi, padri wa Venezia aliyekufa maskini mjini Wien mwaka 1741.

Padri huyo, aliyewafundisha wasichana yatima kupiga violini, hakutunga nyimbo za kanisa tu. Katika maandiko yake zimo kantata za kuimbwa sebuleni, sauti ya mtu mmoja na vyombo vichache, zenye habari za wachungaji, za mapendo, za mtu aliyeachwa na mpenzi wake. Mwenye bidii ya dini bila akili angalisema: zafanya nini nyumbani mwa watawa? Tieni motoni! Mimi sioni hivyo. Kilio cha aliyeachwa si dhambi, na padri aliyekitunga vizuri hakumwibia Mungu kitu.

Je, Wasalesiani walikosa kutaka kuuza? Hapana. Wangalikosa kama wangaliuza bila kuuliza. Asiyejua thamani ya kitu ana deni moja juu yake, nalo ni kumtafuta anayejua.

Basi, hesabu ya vitabu ilionyesha kwamba nusu nyingine haipo. Ilionekana Genova, kwa mtu mwingine wa jamaa ile ile, naye hakukubali upesi kuiachilia. Hapo nashindwa kidogo. Yeye alishika mali ya wazee wake kwa nguvu, jambo ambalo sisi husifu. Lakini muziki uliofungwa kabatini, nani anausikia? Heshima yake ilikuwa karibu kuwa kaburi la pili.

Maktaba yenyewe haikuwa na fedha za kununua. Roberto Foà alitoa fedha za vitabu vya kwanza, kwa kumkumbuka mwanawe mdogo Mauro, aliyekufa. Mwaka 1930 Filippo Giordano alilipia vile vya Genova. Naye alikuwa amefiwa na mtoto, Renzo. Mpaka leo, kule Torino, muziki huo umehifadhiwa kwa majina ya watoto hao wawili.