Ushahidi wa Mataifa na Haki ya Palestina

Ndugu zetu Waislamu, wako miongoni mwetu wasemao kuwa safari za mabalozi na kura za mataifa haziwafai kitu Wapalestina. Sisi hatusemi hivyo, wala hatusemi kuwa zatosha.

Mwaka 1917 Balfour, waziri wa Uingereza, aliwaahidi Mayahudi makao katika Palestina, nchi isiyokuwa yake. Mwaka 2012 Umoja wa Mataifa uliipa Palestina cheo cha dola mtazamaji kwa kura 138 dhidi ya 9. Aprili 2024 wajumbe 12 wa Baraza la Usalama waliridhia iwe mwanachama kamili. Marekani peke yake ikapinga, na kura yake moja ikazivunja zile 12. Septemba 2025 Uingereza ile ile ikaitambua dola ya Palestina, baada ya miaka 108.

Kutambua ni kutoa ushahidi. Aliyedhulumiwa shamba huhitaji mashahidi mbele ya kadhi. Asiyekuwa nao, haki yake hupotea. Lakini mashahidi wakisha kusema na hukumu isitimizwe, mdhulumiwa hurudi kulala nje.

Basi tusiudharau ushahidi huu, wala tusilale kwa furaha yake. Tuwaombee dua, tuwasaidie kwa mali. Tena tujihisabu nafsi zetu: wangapi wailiao ardhi ya Palestina, na hali wamezuia urithi wa dada zao na mali ya mayatima? Atakaye uadilifu kwa mataifa na auanze nyumbani kwake.

Wabillahi taufiki.