Ng'ombe Wakirudi, Je, Ndoa Imekwisha?



Huku Magu, sisi mafrateri tunaulizwa sana swali hili. Mwanaume alifunga ndoa kanisani, wakashindwana na mkewe. Wazee wakakaa, ng'ombe wa mahari wakarudi. Akafungua shauri la talaka, akaliacha njiani. Baadaye akaoa mwingine bomani. Leo ana watoto pande zote mbili. Afanyeje? Na kama Kanisa halivunji ndoa, kumalizia talaka mahakamani si kuongeza dhambi juu ya dhambi?

Tuanze na sheria. Mila ya kurudisha ng'ombe tunaiheshimu, lakini chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haivunji ndoa. Hata kutengana miaka 20 hakuvunji. Talaka hutolewa na mahakama, na kwa kawaida shauri hupita kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kwa hiyo ile ndoa ya bomani ni batili tangu siku ya kwanza. Na jamani, tusidanganyane: talaka ikitoka leo hairudi nyuma kuihalalisha. Kisheria itabidi wafunge upya.

Kanisa je? Katekisimu, namba 2383, inasema talaka ya kiserikali inaweza kuvumiliwa ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani, malezi ya watoto au urithi. Lakini hakimu hagusi kifungo cha ndoa mbele ya Mungu. Kanuni ya 1085 iko wazi: hata kama ndoa ya kwanza ilikuwa batili, hufungi nyingine mpaka ubatili huo uthibitishwe kihalali. Hapo mlango ni kwa paroko, kisha Mahakama ya Kanisa. Mwaka 2015 Papa Fransisko alirahisisha utaratibu wake.

Sasa swali la dhamiri. Mtakatifu Thoma wa Akwino anauweka ukweli ndani ya familia ya haki. Yaani ukweli ni deni, na deni lina wenyewe. Mke wa kwanza anadai: ameachwa akining'inia, si mke wala si huru kisheria. Mke wa pili anadai: anajiita mke, kumbe siku ya msiba ukoo unaweza kumwambia hana chake. Watoto wanadai.

Ndiyo maana nasema kumalizia talaka kimyakimya hakutoshi. Karatasi itanyooka, wanaodai watabaki wanadai. Kabla ya kwenda mahakamani, aanze na mwanamke aliye nyumbani kwake, amwambie yote. Anaweza kuondoka, na ana haki hiyo. Kumficha ili abaki ni kumwibia uamuzi wake.

Na wewe uliye kwenye uchumba, uliza mapema: "Umewahi kufunga ndoa? Iliishaje?" Kuuliza hivyo si kukosa upendo. Anayekupenda kweli atakujibu, hata kama jibu linamuumiza.